Je, Wajua? Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi

Kwenye malango ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro kuna mizani. Asubuhi, kabla kundi la wapandaji halijaondoka, mizigo hupimwa hapo mmoja mmoja: hema, jiko, mtungi wa gesi, unga, mchele, na mabegi ya wageni. Wanaosubiri pembeni ni wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu. Kila kilo inayosomwa kwenye mizani ile imeshapata shingo ya kuibeba.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani asiyeubeba huuona mwepesi. Hakuna mahali methali hii inapodhihirika kama kwenye safari ya kundi la kupiga kambi. Anayefunga begi sebuleni anaongeza sweta moja, kiatu kimoja, kopo moja, na hasikii kitu. Atakayesikia yuko mlimani. Hapa tumekusanya mambo ya kushangaza kuhusu mizigo, miguu na watu waliojifunza kusafiri na vichache. Yasome kabla hujafunga zipu.

Kilo 20, basi

Je, wajua kwamba mgumu wa Kilimanjaro haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20 za mzigo wa kundi, mbali na vitu vyake mwenyewe? Ndiyo maana kampuni nyingi humtaka kila mgeni begi lake lisizidi kilo 15, na nafasi inayobaki hujazwa vifaa vya wote.

Piga hesabu. Watu 12 wakizidisha kilo 3 kila mmoja, zinapatikana kilo 36. Hiyo ni karibu mizigo miwili kamili, kwa hiyo wagumu wawili zaidi. Nao wagumu hao watakula na watalala: chakula chao kina uzito, hema lao lina uzito. Mzigo huzaa mzigo. Tangu 2003 kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaojulikana kwa kifupi kama KPAP, ambao huwaazima mavazi ya mlimani bila malipo. Kuwepo kwake kunatukumbusha kwamba kwa miaka mingi waliobeba makoti mazito ya wageni walipanda wenyewe na nguo nyepesi.

Fedha iliyobebwa kichwani

Babu zao wagumu katika kazi ni wapagazi wa misafara ya karne ya 19, na waliosifika kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Mizigo ya pwani ilipimwa kwa frasila, ambayo ni takribani kilo 16. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, kilo 30 hivi, na njia ya kutoka pwani hadi Tabora ilikuwa ya mamia ya kilomita.

Wengi hudhani mizigo ile ilikuwa chakula na silaha. Sehemu kubwa ilikuwa fedha! Bara hapakuwa na sarafu iliyokubaliwa kila mahali, hivyo msafara ulinunua chakula na kulipa ushuru wa njiani kwa majora ya merikani, shanga na nyaya za shaba. Kila kijiji kilikuwa na rangi yake ya shanga iliyopendwa msimu ule, na kiongozi aliyekosea rangi aliwabebesha watu mzigo usionunua hata kibaba cha mtama. Leo fedha yote ya safari inakaa ndani ya simu. Mababu wale wangeipokea habari hii kwa vigelegele.

Wapo wanaoeleza kwamba jina Bagamoyo linatokana na kubwaga moyo, mahali msafara ulipofika baharini na mizigo ikatuliwa. Jina hilo lina maelezo zaidi ya moja, lakini yeyote aliyewahi kutua shanta baada ya siku nzima ya kutembea anaelewa kwa nini hili limedumu.

Boti iliyovuka nchi kavu

Novemba 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na boti. Haikuwa majini, ilikuwa mabegani mwa watu. Lady Alice, yenye urefu wa takribani mita 12, ilikatwa vipande na kubebwa na wapagazi hadi Ziwa Victoria, ambako iliunganishwa na kuelea Machi 1875. Kutoka hapo ilifunguliwa tena, ikabebwa tena, ikafika Ziwa Tanganyika, kisha Mto Kongo. Mwaka 1877 hatimaye iliachwa karibu na maporomoko ya Isangila.

Vitabu vingi hutaja jina la boti. Majina ya waliobeba vipande vyake hayatajwi mara nyingi.

Akina mama waliowashangaza wanasayansi

Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapa utafiti uliofanywa Kenya juu ya wanawake wa Kijaluo na Kikuyu. Wajaluo waliweka mzigo kichwani. Wakikuyu waliuning'iniza mgongoni kwa mshipi unaopita kwenye paji la uso. Watafiti walipima hewa ya oksijeni waliyotumia wakitembea, wakagundua jambo ambalo hawakulitarajia: mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama yoyote. Mama wa kilo 60 aliweza kutembea na kilo 12 kama anayetembea mikono mitupu. Ulipozidi hapo, nguvu zilianza kutumika zaidi.

Maelezo yalikuja mwaka 1995. Mtu anapotembea, mwili wake hupanda na kushuka kama bembea: nguvu ya kupanda juu hugeuka kuwa mwendo wa kwenda mbele. Katika kila hatua sehemu ya nguvu hiyo hupotea. Akina mama wale, waliozoea mizigo tangu utotoni, walipoteza nguvu chache kuliko kawaida wakiwa wamebeba.

Usijidanganye kwamba nawe utaweza wiki ijayo. Ufundi huo umejengwa kwa miaka ya kwenda kisimani na sokoni, kata ya majani ya migomba au ya nguo ikiwa utosini. Ila ile asilimia 20 ni kipimo kizuri cha kuanzia. Ukiwa na kilo 70, shanta yako ya siku isizidi kilo 14, na mlimani ni busara ipungue hata nusu yake.

Kilo moja mguuni

Watafiti wa jeshi la Marekani waligundua miaka ya 1960 kwamba kilo moja iliyovaliwa miguuni hugharimu nguvu mara 4 hadi 6 ya kilo ileile ikiwa kiwiliwilini. Sababu ni rahisi: kiwiliwili husonga mbele taratibu, lakini mguu hunyanyuliwa, hurushwa na kusimamishwa maelfu ya mara kwa siku.

Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na uzito wa mswaki, tazama buti. Kwa matembezi ya milima isiyo mirefu sana kama Usambara au Udzungwa, viatu vyepesi vyenye meno vinatosha watu wengi. Buti nzito ziachie mawe na baridi ya juu, nazo ziwe zimeshavaliwa nyumbani mpaka zimekuzoea.

Shanta hubebwa na kiuno

Wengi hubana mikanda ya mabega na kuuacha wa kiunoni ukining'inia. Ni kinyume cha inavyotakiwa. Mwaka 1952 Mmarekani Dick Kelty alianza kuuza shanta zenye fremu ya aluminiamu na mkanda wa kiunoni, na tangu hapo mzigo ukahamia kwenye nyonga, ambazo ni mfupa imara uliokaa juu ya misuli mikubwa kuliko yote mwilini.

Mpangilio nao una kanuni. Mfuko wa kulalia huenda chini kabisa. Vitu vizito, kama maji na chakula, hukaa katikati, vikiwa vimegusana na mgongo. Koti la mvua hukaa juu, kwa sababu mvua ya mlimani haisubiri utafute. Kitu kizito kikiwa mbali na mgongo hukuvuta nyuma kama mtoto anayekataa kwenda shule.

Mtu wa barafu na moto wake

Septemba 1991 watembeaji wawili walikuta maiti kwenye barafu ya milima ya Alps, mita 3,210 juu ya bahari, mpakani mwa Italia na Austria. Ilionekana kuwa ya ajali ya karibuni. Kumbe mtu huyo, aliyepewa jina la Ötzi, alikuwa amekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na vitu vyake vilikuwa bado kando yake.

Alikuwa na shoka la shaba, kisu cha jiwe, upinde ambao haujakamilika, podo la mishale, kipochi cha kiunoni chenye vifaa vidogo, na vibao ambavyo watafiti wengi huvitazama kama fremu ya kubebea mgongoni. Viatu vyake vilijazwa nyasi kavu kwa ajili ya joto. Kinachogusa zaidi ni vikopo viwili vya magome ya mti. Kimoja kilikuwa na mkaa uliofungwa kwenye majani mabichi: alibeba kaa la moto kutoka kambi moja hadi nyingine, kama bibi zetu walivyokwenda kuomba moto kwa jirani na kurudi nao kwenye kigae.

Hema moja, nyumbu mmoja, watu wanane

Jeshi la Roma ya kale liligawanywa katika vikundi vidogo vya askari 8. Kila kikundi kilikuwa na hema moja la ngozi, jiwe moja la kusagia nafaka na nyumbu mmoja wa kubeba vitu hivyo. Hapakuwa na askari mwenye hema lake peke yake.

Robert Baden-Powell, aliyeongoza kambi ya kwanza ya skauti kisiwani Brownsea huko Uingereza Agosti 1907, aliwagawa vijana wake katika vikosi vinne kwa mantiki hiyohiyo ya kuishi kwa vikundi vidogo.

Kwenye kugawana vitu ndipo makundi mengi ya leo hupoteza kilo bila kujua. Watu 10 huja na dawa za meno 10, mafuta ya jua 10, visu 10, chaja 10 na masanduku 10 ya huduma ya kwanza. Kaeni kikao kimoja kabla ya safari, hata kwa simu. Mmoja alete dawa, mmoja chaja, mmoja sindano na uzi, mmoja kamba. Hivyo mtakuwa mmepunguza uzito na pia mmeanza kutegemeana kabla hamjafika.

Fundi cherehani aliyeifanya kambi iwe nyepesi

Mwanzoni mwa karne ya 20, kupiga kambi kulimaanisha turubai nzito, milingoti na mkokoteni. Thomas Hiram Holding, fundi nguo wa London, alipenda kuzunguka kwa baiskeli na kulala nje, na baiskeli haibebi turubai. Alitumia ujuzi wake wa kushona kutengeneza mahema madogo ya hariri yanayokunjika. Mwaka 1901 chama cha wapiga kambi wa baiskeli kilianzishwa kwa mchango wake, na chama hicho kinaendelea mpaka leo kwa jina lingine. Baadaye nailoni, iliyovumbuliwa 1935, ilichukua nafasi ya hariri kwa bei ya watu wa kawaida.

Bibi na mfuko wake wa jinzi

Mwaka 1955 Emma Gatewood, mama wa watoto 11 mwenye umri wa miaka 67, aliwaambia wanawe anakwenda kutembea kidogo. Alikwenda kutembea njia ya Appalachian nchini Marekani, zaidi ya kilomita 3,200, peke yake. Hakuwa na hema wala mfuko wa kulalia. Alikuwa na mfuko alioushona mwenyewe kwa kitambaa cha jinzi na kuutupia begani, blanketi, pazia la plastiki la bafuni la kumkinga na mvua, na raba za kitambaa miguuni. Mzigo wake mara nyingi haukufika kilo 9. Alimaliza Septemba mwaka huo, kisha akairudia njia hiyo mara mbili nyingine.

Kijito cha mwisho

Je, wajua kwamba kambi ya Barafu, ambayo makundi mengi huondokea usiku kwenda kilele cha Uhuru, haina maji? Kijito cha mwisho kwenye njia za Machame na Lemosho kiko Karanga, takribani mita 4,000. Barafu iko zaidi ya mita 600 juu yake. Maji yote ya chai, supu, uji na chupa za wapandaji hupandishwa na wagumu.

Lita moja ya maji ni kilo moja, na haikubali kupunguzwa. Mtu mmoja hushauriwa kunywa lita 3 hadi 4 kwa siku akiwa juu. Kundi la watu 12 linahitaji kilo 36 hadi 48 kwa kunywa tu, kabla chungu hakijatelekwa. Ukilikumbuka hili, hutamwaga nusu kikombe cha chai Barafu.

Maharage yasiyoiva

Kadiri unavyopanda, hewa hupungua nguvu ya kusukuma, na maji huchemka kabla hayajapata joto la kutosha. Kwenye urefu wa Barafu huchemka kwa takribani nyuzi 85 za Selsiasi badala ya 100. Maharage makavu yatabubujika saa nzima na kubaki magumu, huku gesi iliyobebwa kwa jasho ikiteketea. Kuni haziruhusiwi hifadhini. Wapishi wazoefu wa mlima huchagua vyakula vinavyoiva upesi au vilivyokwisha pikwa chini.

Chakula chepesi ni kile chenye nguvu nyingi kwa gramu chache. Mafuta hutoa kalori 9 kwa gramu; wanga na protini hutoa 4. Ndiyo maana gramu 100 za karanga za kukaanga zina kalori zaidi ya 550, wakati tikiti maji lenye uzito huo ni zaidi ya asilimia 90 maji. Karanga, korosho, kashata, tende na ufuta ni chakula cha safari tangu enzi za majahazi, na hakuna duka la vifaa vya kambi lenye kitu bora zaidi yao.

Pamba mlimani

Joto hushuka kwa takribani nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Siku ambayo Moshi mjini watu wanatafuta kivuli, Uhuru kuna barafu, na usiku huko ni zaidi.

Fulana ya pamba hunyonya jasho na kulishikilia. Maji huondoa joto la mwili takribani mara 25 zaidi ya hewa, kwa hiyo fulana mbichi ni hatari kuliko fulana moja pungufu. Jinzi ni mbaya zaidi: ina uzito wa zaidi ya nusu kilo ikiwa kavu, na ikilowa haikauki. Vaa tabaka: nyepesi isiyo ya pamba mwilini, sufi au manyoya ya bandia katikati, koti la kuzuia upepo na mvua juu. Kinachokupasha joto ni hewa iliyonaswa kati ya tabaka, nayo hewa haina uzito wa kubeba.

Betri nazo huishiwa nguvu kwenye baridi. Usiku lala na simu na tochi ndani ya mfuko wa kulalia, na hutahitaji kubeba betri nyingi za akiba.

Khanga, kifaa cha kambi

Kitambaa kimoja cha khanga kina urefu wa takribani mita moja na nusu na upana wa zaidi ya mita moja. Kikikunjwa hukaa kiganjani. Ni taulo, shuka, kinga ya jua, pazia la kubadilishia nguo, mkeka wa kulia, mbeleko ya mtoto, kitambaa cha kuning'inizia mkono uliovunjika, na kata ya kichwani. Huuzwa kwa doti, vipande viwili: kimoja chako, kimoja cha mwenzio aliyesahau.

Wafungwa watatu na picha ya kopo

Januari 1943 Waitaliano watatu walitoroka kambi ya wafungwa wa vita ya Nanyuki. Hawakukimbilia kwao. Walikwenda kupanda Mlima Kenya, ambao mmoja wao, Felice Benuzzi, alikuwa akiutazama kupitia seng'enge. Yeye, daktari Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walitengeneza vifaa vyao kwa siri: kamba za mkonge kutoka vitandani, vyuma vya kukanyagia barafu kutoka vyuma chakavu. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima kwenye karatasi ya kopo la nyama.

Barsotti aliugua akabaki kwenye kambi yao ya mlimani. Wenzake walijaribu kilele cha Batian wakashindwa, kisha wakafika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao. Chakula walichodunduliza kilikuwa kimewaishia. Walishuka kwa njaa kali na kujirudisha wenyewe gerezani baada ya zaidi ya wiki mbili. Adhabu ya siku 28 za kifungo cha upweke ilipunguzwa hadi 7, kwa kuheshimu ujasiri wao.

Somo lao lina pande mbili. Vifaa vya kisasa si lazima ili ufike. Lakini chakula kisipunguzwe ili begi liwe jepesi: ukitaka kupunguza, anza na nguo.

Ndege ndogo haina huruma

Ndege ndogo zinazotua kwenye viwanja vya udongo vya Serengeti au Maasai Mara kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa abiria, na begi liwe laini. Sanduku gumu la magurudumu halikunjwi kuingia tumboni mwa ndege, hata likiwa tupu.

Mifuko uliyoizoea huenda ni marufuku

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019. Tangu Juni 2020 Kenya imekataza pia chupa, sahani na mirija ya plastiki ya kutumia mara moja ndani ya hifadhi, misitu na fukwe zinazolindwa. Tumia mifuko ya kitambaa kutenganisha nguo, na chupa moja imara ya kujaza tena. Utakachopanda nacho utashuka nacho, hata ganda la pipi.

Vitu vilivyostahili

Kuna uzito ambao hauonewi majuto. Kundi la Robert Scott lilifika Ncha ya Kusini Januari 1912, mwezi mmoja na ziada baada ya Roald Amundsen, na watu wote wa kundi la Scott walikufa njiani wakirudi. Miili ya baadhi yao ilipopatikana Novemba, kwenye sleji yao kulikuwa na takribani kilo 16 za mawe. Walikuwa wametupa vingine, mawe wakayavuta mpaka mwisho. Ndani yake kulikuwa na alama za mmea wa kale uitwao Glossopteris, ambao mabaki yake hupatikana pia India, Australia na kusini mwa Afrika. Ulisaidia kuthibitisha kwamba mabara hayo yaliwahi kuwa nchi moja.

Na usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alibeba mwenge na bendera ya Tanganyika hadi kilele cha Kibo. Kwenye mizani ya lango vingekuwa kilo chache tu. Kilele kikaitwa Uhuru.

Na usufi wenyewe?

Msufi ni mti mkubwa unaoota pwani yetu, Tanga, Unguja na kwingine. Maganda yake hupasuka na kutoa nyuzi laini zilizo wazi ndani kama mirija. Kwa ujazo, sehemu kubwa ya usufi ni hewa. Ndiyo maana zamani ulijazwa kwenye mito, magodoro, hata mifuko ya kulalia, na kwenye majaketi ya kuokolea ya mabaharia, kwa kuwa huelea na haunyonyi maji upesi. Wahenga walichagua kipimo chao kwa ujuzi: kanda zima la usufi mtoto hulibeba akicheza.

Basi usiku wa kuamkia safari, begi likishafungwa, liweke kichwani mwako mwenyewe, au mgongoni, upande na kushuka ngazi mara 10. Usilitue kupumzika. Ukimaliza, fungua zipu tena. Utajua la kutoa, na kesho asubuhi kwenye mizani utaweza kumtazama machoni mtu anayelipokea.